Makaburi Matatu ya Domisiana

Mimi hasira zangu ziko karibu. Mke wangu, Agness, husema nachemka kabla maji ya chai hayajapata moto, na sibishi. Nimekuwa katekista wa kigango chetu hapa Kasulo miaka ishirini na sita. Nimefundisha watoto sala, nimezika watu, nimepatanisha wanandoa waliorushiana vyombo, na bado sijajifunza kunyamaza. Kwa hiyo nikikusimulia habari za Domisiana na shamba lake, utanivumilia pale sauti itakapopanda.

Habari yenyewe ilianzia kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Mwezi wa tano walibandika pale karatasi kubwa, pana kama shuka la kitanda, wakasema ndiyo mchoro wa mipango miji wa kitongoji chetu. Mji wa njia panda, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapolala, umekuwa ukitusogelea mwaka hadi mwaka. Serikali ikasema kabla watu hawajajenga ovyo, mashamba yapangwe, yapimwe, kila mtu apate viwanja vyenye namba, na hati ifuate. Wataalamu walikuja na vyombo vyao, wakatembea shamba kwa shamba siku tisa, wakiuliza hapa pa nani, kile ni nini, hii njia inakwenda wapi. Kisha wakaenda kuchora. Sasa mchoro ulikuwa umerudi na tulipewa siku thelathini za kuutazama. Mwenye pingamizi aandike, na mwisho ufanyike mkutano wa mapitio, afisa mipango miji mwenyewe akiwepo. Baada ya hapo mchoro ukipita, umepita.

Jamani, watu walijaa pale ukutani kama siku ya kugawa vyandarua. Kila mtu anatafuta shamba lake kwa kidole. Njano ni nyumba, kijani ni eneo la wazi, nyeupe ni barabara. Mimi nililipata la kwangu: viwanja vinne vya njano, na barabara inapita pembeni bila kugusa hata choo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilipogeuka nikamwona Domisiana amesimama nyuma ya watu, ameweka kikapu chini, anangoja mtu wa kumsomea maana macho yake hayaoni maandishi madogo.

Nikamtafutia. Nilipolipata shamba lake nilidhani nimekosea, nikahesabu upya kuanzia kanisani. Sikuwa nimekosea. Shamba lote, ekari moja na robo, kuanzia nyumba yake hadi kwenye mfereji, lilikuwa limepakwa kijivu, na juu ya kijivu kile vimechorwa visalaba vidogovidogo. Katikati pameandikwa: Makaburi.

Akaniuliza pameandikwaje. Nikamsomea. Aliitikia kwa kichwa, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kuuliza la pili.

Lazima umjue Domisiana ndipo uelewe. Ana miaka sitini na mitatu. Ni Msubi, mzaliwa wa Nyamigogo huko Biharamulo, akaolewa huku Ngara na Theonest, rafiki yangu, mtu mpole ambaye ugonjwa wa ini ulimchukua mwaka 2004, tukamzika makaburi ya parokia. Alimwachia mjane wake watoto wanne, nyumba ya bati, na shamba lisilo na karatasi yoyote. Ni mwanamke mfupi, mkavu, asiye na maneno. Ukimsalimu atakuitikia vizuri, ukimdadisi atakuambia "Tupo," basi. Maharage yake hupandwa kwa mistari iliyonyooka utadhani kapima kwa kamba, na hapimi. Kwa maharage hayo, ndizi, na mahindi ya kuchemsha aliyokuwa akiwauzia madereva pale njia panda, amesomesha watoto wote wanne. Kitinda mimba wake, Derick, ni fundi uashi Biharamulo mjini, na mwaka huu alikuwa amepanga kurudi amjengee mama yake vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, hapohapo shambani.

Sasa mchoro ule ukipita, Domisiana anahama. Atapewa kiwanja kimoja mahali pengine, cha kujenga nyumba tu, bila mgomba hata mmoja. Mtu aliyekula kwa jembe miaka arobaini utamwambia nini kuhusu kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini? Mimi nililala na uchungu kama shamba ni langu.

Lakini visalaba vile wataalamu hawakuvibuni. Shambani mwa Domisiana kulikuwa na makaburi matatu na kitongoji kizima tuliyajua. Yamezungushiwa mawe, na kila moja lina mramura kichwani, ule mti wa majani marefu membamba ambao huku hupandwa mipakani na makaburini, wala haufi hata ukiukata. Mimi niliyajua kuliko wote. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, nikitoka makaburi ya parokia nilipita pale na maji ya baraka. Kwa hiyo wale vijana wa vipimo walipouliza miramura hii ni ya nini, sisi wenyewe tukawajibu kwa kimbelembele kwamba hayo ni makaburi ya wazee. Na viwanja mia tatu na arobaini vya mchoro ule vinahitaji mahali pa kuzikia watu. Wakasema kama wamekwisha kuzikwa watu hapa, basi hapa ndipo. Kosa halikuwa lao.

Makaburi yenyewe yalijulikana hivi. Theonest alikuwa na kaka yake, baba mmoja mama mbalimbali, aitwaye Sindayigaya. Huyu alilelewa kwa wajomba zake upande wa Kibondo, akarudi mtu mzima, akapewa shamba linalopakana na la mdogo wake. Theonest akiwa hai mambo yalikuwa shwari. Alipofariki, kila msimu jembe la Sindayigaya likawa linavuka mpaka. Leo mistari miwili, mwakani mitano. Miche ya mpakani iking'olewa, ukiuliza unaambiwa mbuzi wamekula. Domisiana alikwenda baraza la ardhi la kijiji mara nne. Wazee wakaja, wakatazama, wakasema nyinyi ni ndugu msigombane, wakaondoka. Miaka minne baada ya kumzika Theonest, theluthi ya shamba ilikuwa imeliwa.

Ndipo mwaka 2008 Sindayigaya akaenda Kibondo harusini, akakaa wiki nzima. Aliporudi akakuta makaburi matatu katikati ya sehemu ile aliyokuwa amejitwalia. Domisiana aliwaambia watu kwamba mama mkwe wake, kabla hajafa, alimwonyesha mahali pale: wamelala hapo babu na bibi wa Theonest pamoja na mtoto wao mchanga. Akasema amechoka kuona jembe likiwapita vichwani, kwa hiyo ameinua udongo na kuweka mawe ili waheshimiwe.

Huku kwetu hakuna anayelima juu ya kaburi. Mlevi halimi, mwizi halimi. Na babu wa Theonest si ndiye babu wa Sindayigaya pia? Yule bwana aliondoka pale kichwa chini. Kesho yake hakuyaacha makaburi tu, alirudi nyuma kabisa hadi mpaka wa enzi za Theonest, na tangu siku ile hakuuvuka tena. Mwisho wa Oktoba ulipofika akaja na panga lake, akafyeka majani juu ya makaburi, akapanga mawe yaliyodondoka. Mwaka uliofuata akaja tena. Bati la Domisiana lilipoezuliwa na upepo, Sindayigaya alikuwa wa kwanza kupanda juu. Mke wa Sindayigaya alipofariki, Domisiana alipika msibani siku saba bila kwenda kwake. Mimi niliwahi kuwatolea mfano kanisani, nikasema tazameni, waumini, jinsi marehemu wanavyoweza kupatanisha walio hai. Watu waliguswa sana na mahubiri yale.

Basi nikaamua kumsaidia mama wa watu. Sikumwuliza, niliona kichwa changu kinatosha. Nikaketi nikaandika pingamizi kwa niaba yake: tunaomba makaburi hayo matatu yahamishiwe makaburi ya parokia, na shamba libaki eneo la makazi. Nikapanda pikipiki hadi Ngara mjini kwa afisa mipango miji, binti mmoja anaitwa Anneth, viatu vimejaa vumbi, mezani michoro tupu. Akaniamkia, shikamoo baba, akaisoma barua yangu mara mbili, akasema inawezekana kabisa. Makaburi yakihamishwa, rangi inabadilika, na mahali pa kuzikia anapo pa pili, ile ardhi ya kijiji ng'ambo ya mfereji. Ila kuna utaratibu. Jumanne afisa afya atafika, yatafukuliwa mbele ya ndugu, mifupa itahamishwa kwa heshima, na mkubwa wa ukoo atie saini. Mkutano wa mapitio ni Alhamisi.

Nilirudi nimefurahi hata sikulihisi vumbi la njiani. Nikaenda moja kwa moja kwa Domisiana. Alikuwa uani anapepeta maharage. Nikamweleza yote, barua, Jumanne, afisa afya, nikangoja anishukuru. Ungo ukasimama. Akasema hapana, wasije kufukua.

Nikadhani hajaelewa, nikaeleza upya. Akasema ameelewa, wasije, afadhali wachukue shamba. Hapo nikachemka. Nimetumia siku nzima njiani, nimembembeleza afisa wa watu, halafu yeye anaona afadhali ahame kuliko kuhamisha mifupa ya watu ambao hakuwahi hata kuwaona! Nikamwambia ana kiburi. Nikamwambia atamweleza nini Derick. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Hakuna mifupa, Katekista," akasema. "Hakuna mtu mle."

Akanieleza kwa Kihangaza, lugha yetu ya huku Ngara, sauti ya chini, macho kwenye ungo. Mama mkwe hakuwahi kumwonyesha chochote. Wiki ile ya harusi, watoto wakienda shule, yeye alibeba udongo kwa karai, akainua matuta matatu, akapanga mawe. Miche ya miramura aliileta kutoka kwao Nyamigogo, ndani ya gunia, akamwambia kondakta ni mbegu za magimbi. Siku nne akawa amemaliza. Alisema alikuwa amechoka kwenda barazani.

Sikiliza, mimi ni mtu mzima, lakini nilifoka. Miaka kumi na saba! Kila Novemba nimevaa kanzu yangu, nimesimama mbele ya udongo mtupu, nimenyunyiza maji ya baraka, nimewaombea pumziko watu ambao hawapo! Na yeye amesimama pembeni amefunga mikono, anaitikia amina! Nilimwambia maneno ambayo leo siyarudii. Nikaondoka bila kuaga, nikajikwaa kwenye kinu chake, nikakitukana na kinu.

Nyumbani nikamwambia Agness. Nilitegemea naye akasirike. Mwanamke alicheka hadi akashika kizingiti cha mlango, machozi yakamtoka, akaniuliza kama nilikuwa nikimwombea na yule mtoto mchanga. Nikasema ndiyo. Akacheka upya. Kisha akajifuta macho, akaniuliza jambo lililoniweka chini.

"Na wewe, Evaristi, wakati ule Sindayigaya anamla shamba, alipokuja hapa kukulilia, ulimsaidia nini?"

Nilikuwa nimemwambia avumilie na asali. Nakumbuka hata kiti alichokalia. Chai niliyoletewa siku ile jioni sikuinywa.

Asubuhi nilirudi kwake nikamwomba radhi, kwanza kwa ajili ya kinu. Akasema kinu hakijalalamika. Tukaketi. Nikamwambia dawa ni ndogo: aende Alhamisi aseme ukweli, makaburi hayapo, mchoro unafutwa, shamba linabaki. Aibu ya siku mbili, watu watacheka, watasahau. Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyeshindwa hesabu. Akasema watu wacheke hata mwaka mzima, yeye hajali. Anayemwogopa ni mmoja. Shemeji yake amefyeka makaburi yale miaka kumi na saba akiamini ni ya babu yake. Ameyapigia magoti. Siku mkewe anazikwa, jioni alikwenda kukaa pale peke yake.

"Nikimwambia nilimdanganya kwa marehemu wake, tumerudi kulekule," akasema. "Shamba nitaweza kuliacha. Yule ndiye ndugu niliyebaki naye huku."

Mficha uchi hazai, nilimkumbusha hivyo, akasema yeye amekwisha zaa wanne, inatosha. Nikacheka bila kutaka. Lakini nilipokuwa naondoka akaniita, akasema nimpigie simu yule binti, nimwambie Jumanne wasije na majembe. Alhamisi atakuja mwenyewe. Atasema nini, hakuniambia. Anneth kwenye simu alikuwa mpole lakini hakuzunguka: bila kufukua, atahitaji maelezo mawili mbele ya mkutano, ya mwenye shamba na ya mkubwa wa ukoo, yaani Sindayigaya, na wote wawili watie saini. Maelezo yao yakipingana, mchoro unabaki ulivyo. Kwa hiyo hata akisema kweli, Sindayigaya akikasirika na kushikilia kwamba babu zake wamo mle, shamba limekwenda. Nilikwenda kumweleza na hilo. Alikuwa analima. Aliendelea kulima.

Alhamisi mkutano ulifanyika darasa la saba, shule ya msingi. Mchoro ulitundikwa ubaoni. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga meza, mwenyekiti wa kitongoji akifungua kwa hotuba ndefu ambayo hakuna aliyeiomba. Anneth akaanza kupitia mapingamizi moja baada ya jingine. Mmoja barabara imekata kisima chake, ikasogezwa. Mwingine kiwanja chake kina pembe tano, akaelezwa, akakubali. Mwingine alitaka tu kujua kwa nini jirani yake ana viwanja vingi kuliko yeye, akaambiwa akae. Mimi nilikuwa nasali rozari ndani ya mfuko wa koti. Sindayigaya alikuwa dawati la pili mbele, mzee mrefu wa miaka sabini na mmoja, kofia ameiweka pajani. Domisiana alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, na kila mlango ulipolia niligeuka kuona kama ameondoka.

Likafika pingamizi la kumi na nne. Anneth akasoma jina, akaeleza kwa ufupi kwamba eneo hili limetengwa kwa makaburi kwa sababu yamo makaburi matatu ya ukoo, na mwenye shamba ana maelezo. Domisiana akasimama. Alikuja mbele hadi kwenye ubao, akasimama kando ya mchoro, kitenge amekifunga kiunoni kama anayekwenda shamba.

"Makaburi yale niliyafanya mimi kwa mikono yangu," akasema. "Hamna mtu ndani. Nilikuwa naporwa shamba, watoto wangu wadogo, na kila niliyemwendea aliniambia nivumilie. Nikatumia marehemu."

Nilitazama sakafu, maana mmoja wa wale aliowaendea nilikuwa mimi. Halafu akamgeukia Sindayigaya, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika kidogo.

"Shemeji, nimekufyekesha bure miaka yote hii. Nisamehe."

Kijana mmoja nyuma akacheka, mama yake akamfinya. Sindayigaya hakugeuka wala hakuinua macho. Alikuwa anaizungusha kofia pajani, taratibu, anaizungusha tu. Nikawaza, akitoka nje sasa hivi, huyu mama amepoteza vyote viwili, shamba na ndugu, na aliyemsukuma hapa ni mimi na barua yangu.

Anneth naye aliandika, akangoja, mwishowe akauliza kwa adabu kama mzee anaweza kuthibitisha maelezo hayo, ama ana maelezo mengine.

Mzee akasimama. Ilimchukua muda, dawati lilikuwa dogo.

"Nathibitisha," akasema. "Babu na bibi yangu wamezikwa Murukulazo. Nililetwa mazishini kutoka kwa wajomba nikiwa na miaka tisa, nikatupa udongo wangu mwenyewe. Mtoto mchanga sijawahi kusikia habari zake."

Watu wakaanza kunong'ona. Anneth aliacha kalamu. Akauliza, kwa hiyo mzee alijua? Alijua tangu lini? Sindayigaya akasema tangu siku ya kwanza, siku aliyotoka harusini. Akasema tu hivyo, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akataka kukaa.

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Najua sikupaswa. Niliuliza, kwa sauti iliyosikika hadi darasa la pili, kama alijua, kwa nini basi aliniacha nikanyunyiza maji pale miaka kumi na saba? Watu walicheka sana, mwenyekiti mwenyewe akaficha uso kwa daftari, na Sindayigaya akanijibu kwamba maji ya baraka hayajawahi kudhuru maharage. Hata mimi nilicheka. Nilicheka na jasho linanitoka.

Domisiana peke yake hakucheka. Alikuwa bado amesimama pale ubaoni, anamtazama shemeji yake kama mtu aliyeletwa mbele yake leo. Akatembea hadi kwenye dawati lake. Kelele zikapungua zenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

Sindayigaya hakujibu kwa Kiswahili cha mkutano, alijibu kwa Kihangaza, chini chini, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia.

"Ningesema hapa hakuna kaburi, ungeniuliza mpaka uko wapi. Na mpaka nilikuwa naujua siku zote. Nilisimama pale nikaona mawe uliyopanga, mama wa watoto wanne, nikasema mimi ndiye niliyemfikisha huyu hapa. Sikuwa na mdomo wa kukuomba radhi, Domisiana. Ndiyo maana nilikuwa nafyeka."

Domisiana aliketi palepale kwenye dawati, kando yake, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Alilia. Alilia kwa sauti, mwanamke ambaye hata siku tunamzika Theonest alilia kwa ndani, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mzee alimsogezea nafasi ili akae vizuri. Anneth alingoja, kisha akawaletea karatasi hapohapo walipokaa, wakatia saini, yeye kwanza, halafu shemeji yake. Akarudi ubaoni, akachukua kalamu nyekundu, akavikata visalaba vyote kwa mstari mmoja mrefu, na chini yake akaandika neno makazi. Akasoma la kumi na tano.